SUFURIA YA JIKONI NI AMANA



Mwanamke anunuapo kanga huigeuza upande huu na huu, akasoma jina lake, akakishika kitambaa kwa vidole, akauliza bei katika maduka matatu kabla ya kufungua pochi yake. Lakini mwanamke huyo huyo akinunua sufuria hutazama mng'aro na bei tu, akaitia kapuni akaenda zake. Na hali kanga huvaliwa mwaka mmoja au miwili ikapauka, nayo sufuria huweza kulisha nyumba nzima miaka ishirini. Basi leo yafaa tuzungumze habari za sufuria: namna ya kuichagua, namna ya kuitumia, na jambo moja la hatari ambalo wengi wetu hatujalitia maanani.

Jina la sufuria limetoka katika neno la Kiarabu la shaba ya njano. Wazee wetu wa pwani walipika kwa vyungu vya udongo, na wenye uwezo wakapika kwa vyombo vya shaba vilivyopakwa bati ndani. Bati lile halikuwa pambo. Shaba tupu ikikutana na ndimu au siki huingia katika chakula na kumdhuru mlaji. Kwa hiyo bati likibanduka, chombo kilirudishwa kwa fundi kabla ya kupikiwa tena. Leo sufuria nyingi za masokoni ni za alumini. Jina limebaki, madini yamebadilika, lakini ule uangalifu wa wazee haufai kutupwa.

Sisi wakazi wa Mchikichini hatuna taabu ya kutafuta, maana Kariakoo ni jirani yetu. Huko mtaona sufuria za kiwandani, nyembamba na nyepesi, zimepangwa moja ndani ya nyingine. Mtaona za chuma kisichoshika kutu, ambazo bei yake ni kubwa lakini hudumu. Mtaona vikaango vyeusi visivyogandisha, ambavyo havitaki kijiko cha chuma wala kuachwa vitupu juu ya moto mkali. Na mtaona sufuria nene, nzito, zilizosubiwa na mafundi kwa kuyeyusha vyuma chakavu. Hizi za mwisho nitazirudia.

Kabla ya kulipa, iweke sufuria juu ya meza iliyo sawa. Ikiyumba, iache, kwa kuwa kitako kisichokaa sawa hupata moto upande mmoja. Jaribu mfuniko; ukiacha nafasi, mvuke utatoka na makaa yatakwisha bure. Kwa chai na maji ya moto sufuria nyembamba yatosha, maana huchemka upesi. Lakini wali wa nazi na pilau hutaka kitako kinene kinachoeneza moto polepole. Katika sufuria nyembamba wali huungua chini na juu ukawa na kiini. Tena usinunue nyingi kwa sababu zinapendeza rafuni. Sufuria tatu zenye mifuniko, ndogo, ya kati na kubwa, hutosha nyumba ya watu sita, na kuzidisha kwa kujionyesha ni israfu.

Katika kuitumia, jua kwamba alumini ina utando mwembamba unaoikinga. Weusi unaoonekana ndani baada ya kuchemsha maji si uchafu wala hauna madhara, basi hapana haja ya kuusugua kwa waya mpaka sufuria iwe kama kioo. Dodoki na sabuni vyatosha. Kinachoushinda utando huo ni ukali: ukwaju, ndimu, nyanya na siki. Mchuzi wa ukwaju ukiiva, uepue na uumimine katika bakuli la udongo au la kioo. Usiulaze humo mpaka asubuhi.

Sasa nirudi katika zile sufuria nzito. Jirani yangu mmoja wa hapa mtaani, kijana aliyeolewa miaka michache iliyopita, alinijia siku moja baada ya sala ya alasiri akiwa na mtoto mgongoni. Siku ya arusi yake mama mkwe alimpa sufuria ya kusubu, nene, aliyoipikia mwenyewe miaka mingi. Ndani yake aliteleka uji wa mtoto kila asubuhi, akautia ndimu. Naye alikuwa amesikia maneno fulani kliniki, akaogopa.

"Bibi," akaniambia, "je, ni kweli sufuria ina sumu? Nami nitamwambiaje mama?"

Nilimweleza ninayoyajua. Fundi anayesubu sufuria hukusanya alichokipata: vipande vya injini za magari, rejeta kuukuu, makopo, sufuria zilizotoboka. Miongoni mwa vitu hivyo huwamo vyenye risasi, na risasi ikiyeyuka pamoja na alumini huwa kitu kimoja nayo. Mwaka 2017 wataalamu walitangaza matokeo ya kupima vyombo 42 vya alumini kutoka nchi kumi, Tanzania na Kenya zikiwamo. Walichemsha ndani yake maji yaliyotiwa ukali, mfano wa mapishi yetu, na zaidi ya theluthi moja ya vyombo vile vilitoa risasi kiasi cha kuhofiwa. Si kila sufuria ya kusubu ina sumu. Tabu ni kwamba jicho haliwezi kuitambua iliyo nayo, ulimi hauonji kitu, na kusugua hakusaidii kwa sababu risasi imo ndani ya madini yenyewe. Nalo Shirika la Afya Duniani lasema kwamba hakijajulikana kiasi cha risasi kisichodhuru.

"Lakini mama atasema mume wangu amekulia sufuria hiyo hiyo, na ni mzima," akajibu.

Naam, hilo ndilo jibu la wengi, nami silidharau. Ila risasi si kama homa, haimlazi mtoto kitandani watu wakaja kumzuru. Humpunguzia akili kidogo kidogo, na aliyepunguziwa hajui angalikuwa nani. Tena hujificha mifupani mwa mama, na ashikapo mimba hutoka ikamfikia aliye tumboni. Kwa hiyo mtoto mchanga na mja mzito ndio wa kwanza kuepushwa.

Nikamshauri anunue sufuria ndogo ya kiwandani kwa uji wa mtoto, na akijaliwa aongeze ya chuma kisichoshika kutu kwa mchuzi. Ama asiyeweza leo, basi asipike humo vitu vikali, asilaze chakula, wala asipikie watoto humo; na aweke akiba kidogo kidogo mpaka aibadili. Mwenye kumhofia mtoto wake amwulize daktari. Wala tusiwalaani mafundi: wanatafuta riziki ya halali kwa mikono yao, na wengi hawajaambiwa neno. Wao na watoto wao huvuta moshi wa kalibu kila siku, nao wanahitaji kuelezwa zaidi yetu.

Ikabaki habari ya mama mkwe. Nilimwambia, "Usiitie ila zawadi yake mbele ya watu. Mwendee peke yake, umweleze habari ya mtoto, si habari ya sufuria."

Alifanya hivyo. Yule mama alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Basi nimpe maskini?" Hapo wengi wetu hukosea. Dini yetu imetukataza kukusudia kilicho kibovu tukakitoa sadaka, ilhali sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Mtoto wa maskini ana ubongo kama wa mtoto wako. Wala kuiuza kwa wanunuzi wa vyuma hakufai, kwa maana itayeyushwa na kurudi sokoni kwa umbo jipya. Yule mama mwenyewe akaichukua, akaiweka uani, akatia makaa ndani yake. Mpaka leo ndiyo wanayowekea makaa.

Neno la mwisho. Sura ya Al-Maun imewalaumu wanaozuilia wenzao msaada mdogo, na wafasiri wameeleza kwamba katika msaada huo huwamo kuazimana vyombo, kama chungu, ndoo na shoka. Hapa kwetu sufuria kubwa za arusi na hitima huzunguka nyumba hata nyumba, na huo ni wema wetu wa asili. Uazimapo, rudisha safi na mfuniko wake. Na uazimwapo, toa ile ambayo wewe mwenyewe ungempikia mwanao.

Wassalaam.