Mshono Usiopita Sindano

Wazee wetu wa Kalemie waijua pamba, kwani kiwanda cha Filtisaf kiliisokota na kuifuma papa hapa mjini. Pamba haina njia ila sindano na uzi. Ukiitia moto huungua, haiyeyuki. Turubai la plastiki si hivyo. Ziwa lilipofurika mwaka 2024, jamaa nyingi zilijua thamani yake. Lakini ukiunga vipande viwili kwa sindano, hata kwa mkono hodari, mvua ya usiku hupita katika kila tundu.

Turubai hilo kwa kawaida limefumwa kwa nyuzi za polithini ngumu, likapakwa polithini laini pande zote. Laini huyeyuka penye digrii 110 hivi, ngumu penye 130 hivi. Kazi yote imo kati ya hizo mbili: mpako ushikamane, nyuzi zisiguswe.

Basi pangusa udongo, kausha, pandanisha kingo upana wa vidole vitatu. Weka karatasi ya kuokea mikate juu na chini, kisha kandamiza pasi bila kusugua. Pasi ya makaa haina kipimo, nasi twaiogopa. Jaribu kwanza kipande kibovu. Halafu, na hapa wengi huharibu, acha mshono upoe chini ya ubao mzito kabla ya kuuvuta. Fanyia kazi hii nje, watoto wakae mbali.

Turubai zito la lori mara nyingi ni la PVC, ambalo likiungua hutoa moshi wa asidi wenye kudhuru mapafu. Hilo usilipige pasi.