Cheti Kikigoma, Msibonyeze Tu 'Ndiyo'

Wadau, leo siasa naiweka pembeni kidogo. Nataka tuongelee kile kidirisha kinachochomoza ukifungua barua pepe kwenye kompyuta, kile chenye alama ya mshangao ya njano, kinachokueleza kwa Kiingereza kirefu kwamba cheti cha usalama cha seva kina walakini. Unakisoma? Husomi. Unabonyeza 'ndiyo', barua zinaingia, maisha yanaendelea. Na kama ni ofisini, basi huenda fundi aliyewafungia mtambo aliwaambia siku ya kwanza kabisa: "Hicho kikija msiogope, bonyezeni tu ndiyo."

Mimi nasema fundi huyo amewafundisha kuibiwa. Najua ni maneno makali, na mafundi wengine ni rafiki zangu wa kunywa nao chai, lakini ngoja nieleze.

Hapa Majengo barua pepe nyingi za maana hazitumwi kutoka kwenye maofisi makubwa. Zinatumwa steshenari. Kijana anayetafuta ajira, mwalimu anayefuatilia uhamisho, mama wa kikundi anayeomba mkopo, mfanyabiashara wa maharage anayesubiri jibu la mnunuzi wa Tunduma, na sisi waandishi wa mikoani tunaokimbizana na dawati la habari kabla ukurasa haujafungwa. Wote tunakalia kiti kilekile, mbele ya mashine ileile, tukiandika maneno yetu ya siri kwenye kibodi ileile yenye herufi zilizofutika. Na wote tukiona kidirisha tunabonyeza. Jina la mji wetu wazee husema maana yake ni 'tupa uchawi', lakini kwenye kompyuta bado tunaishi na uchawi: bonyeza hapa, usiulize, itakubali.

Basi uchawi wenyewe ni huu. Programu yako ya barua pepe ikiita seva, kabla haijatoa neno la siri inadai kitambulisho. Kitambulisho hicho ndicho cheti. Chukua mfano wa bahasha unayotaka kuisafirisha kwa basi kwenda Mbeya. Umefika stendi alfajiri, baridi ya Ufipa inakung'ata masikio, anakuja mtu anakwambia "mimi wa kampuni, nipe mzigo". Ukimwomba kitambulisho utaangalia mambo matatu: kina jina la kampuni unayoitaka, hakijaisha muda wake, na kimepigwa muhuri na mtu unayemwamini badala ya muhuri aliouchonga mwenyewe nyumbani. Kompyuta hufanya hayohayo. Ndani yake kuna orodha ya mamlaka za vyeti inazoziamini, iliyowekwa na kampuni kama Microsoft, Apple na Mozilla. Jambo moja kati ya matatu likigoma, inakusimamisha. Wewe unayebonyeza 'endelea' umempa bahasha mtu ambaye kitambulisho chake kimekataliwa mbele ya macho yako.

Nianze na kosa jepesi, maana ndilo ninaloliona zaidi hapa mjini. Saa. Umeme wa Sumbawanga kwa miaka mingi tumeuvuta kutoka Zambia, na kukatika kwake hakujawahi kuwa habari ya ukurasa wa mbele. Kompyuta ya mezani ina kibetri cha duara kama sarafu, kinaitwa CR2032, kinachotunza saa wakati mashine imezimwa. Kikifa, umeme ukikatika tu, mashine inaamka ikiamini ni Januari mosi ya mwaka wa zamani. Sasa cheti kilichotolewa mwaka huu, kwa mashine inayoamini ni mwaka 2009, ni cheti cha mtu ambaye hajazaliwa. Itakikataa, na seva haina kosa lolote. Rekebisha tarehe, na uangalie mwaka pia, kwa sababu wengi hutazama saa na dakika wakaishia hapo. Halafu nunua kibetri. Nimemwona kijana akifuta programu nzima ya barua pepe na kuiweka upya mara mbili, kisa kibetri ambacho bei yake haizidi sahani ya chipsi mayai.

Gesti nako kuna lake. Umeunga Wi-Fi lakini hujaweka namba ya chumba au neno walilokupa mapokezi. Mtandao ule unakusukumia ukurasa wake kila unakokwenda, programu ya barua inaona jina ambalo si la seva yako, inapiga kelele. Fungua kivinjari kwanza, ingia inavyotakiwa, kisha rudi kwenye barua. Kelele ikiendelea, zima Wi-Fi hiyo utumie bando lako. Programu za kuzuia virusi nazo zina mchezo: baadhi hujiweka katikati yako na seva ili zikague barua, na zinakuonyesha cheti chao wenyewe. Zikichakaa, cheti hicho kinagoma. Zisasishe, au uzime kipengele cha kukagua barua.

Tuje kwenye jina, na hapa ndipo ninapokasirika.

Ofisi nyingi na asasi zetu ndogo zina anwani zao za barua zenye jina la ofisi, jambo zuri. Seva lakini ni ya kupanga, iko kwa kampuni fulani inayohifadhi mamia ya wateja kwenye mtambo mmoja. Ofisi inaambiwa iandike 'mail' halafu nukta halafu jina lake. Seva ikiitwa, inatoa cheti chenye jina la mwenye nyumba, yaani kampuni ile, na siyo la mpangaji. Majina hayalingani, kidirisha kinachomoza. Dawa ziko mbili na zote ni za dakika chache. Moja, kwenye mipangilio ya programu yako andika jina halisi la seva kama mwenye nyumba anavyolitaja kwenye maelekezo yake. Mbili, mwenye seva atoe cheti kinachobeba jina la mpangaji. Gharama si kisingizio tena: tangu mwishoni mwa mwaka 2015 mamlaka iitwayo Let's Encrypt inatoa vyeti bure kwa yeyote duniani anayethibitisha kuwa jina hilo la mtandao ni lake.

Badala yake, fundi wa ofisi moja ninayoifahamu (jina naliacha) alipolalamikiwa alifanya nini? Aliingia kwenye mipangilio, akabadili mlango wa kupokea barua kutoka 993 kwenda 143, akazima usimbaji fiche kabisa. Kidirisha kikatoweka. Akashukuriwa, akalipwa, akaondoka. Kuanzia siku ile maneno ya siri ya ofisi nzima yakawa yanasafiri hewani yakiwa wazi kama kadi ya posta. Ni kama mtu anayelalamikiwa kuwa mbwa anabweka usiku, akamuua mbwa. Tafadhali wadau, angalieni mipangilio yenu: IMAP ni 993, POP ni 995, kutuma ni 465 au 587, na pale panapouliza kuhusu usalama pasiandikwe 'hakuna'.

Kuna na ofisi ambazo tovuti yao ina cheti kizuri, kufuli linaonekana, lakini barua zinagoma kwa cheti kilichoisha muda. Watu wanashangaa. Sababu ni kwamba tovuti na barua ni programu mbili tofauti ndani ya seva. Cheti kimehuishwa, faili jipya liko palepale, ila programu ya barua bado imeshika la zamani kichwani tangu ilipowashwa. Msimamizi aiambie isome upya. Amri moja tu. Nimeona tatizo hilo likikaa wiki tatu, na katika wiki hizo wafanyakazi wote wakafunzwa kubonyeza 'ndiyo'.

Muhuri nao una habari yake. Mashine nyingi za steshenari hazijasasishwa miaka na miaka, kwa hiyo orodha yao ya mamlaka za kuaminika ni ya kale. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti mama cha zamani kilichokuwa kikiwabeba Let's Encrypt kiliisha muda, na duniani kote vifaa visivyosasishwa vikaanza kukataa vyeti vilivyo halali kabisa. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 ikafuata tarehe 14 Oktoba 2025. Hapa kwetu nazikuta zote mbili zikipiga mzigo. Siwalaumu wenye steshenari, mashine mpya ni pesa. Lakini mteja ana haki ya kujua kwamba mashine aliyokalia haiwezi tena kutofautisha muhuri wa kweli na wa kughushi.

Mtu ataniambia: wewe nawe, nani ahangaike kuvizia barua za Majengo? Swali halali. Jibu langu ni kwamba mwizi wa mtandaoni hahitaji kukujua. Aliyeunga Wi-Fi moja na wewe anaweza kujifanya seva kwa kila mtu aliyeko pale, na kinachomzuia ni cheti peke yake. Akishapata neno la siri la barua pepe, huyo ana funguo za nyumba nzima, kwa sababu ukisahau neno la siri la huduma nyingine yoyote kiungo cha kulibadili kinatumwa kwenye barua hiyohiyo. Sisi waandishi ndiyo usiseme. Mwanakijiji akinitumia nakala za mgogoro wa shamba, anayeumia barua yangu ikivuliwa ni yeye kabla yangu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imefanya kunasa mawasiliano ya mtu bila ruhusa kuwa kosa la jinai, ni kweli, lakini sheria inakuja baada ya barua kuwa imeshasomwa.

Na wanaodhani haya ni hadithi wakumbuke mwaka 2011. Uholanzi kulikuwa na mamlaka ya vyeti iitwayo DigiNotar, hata serikali yao ilikuwa ikiitumia. Wadukuzi waliingia humo wakajitolea vyeti vya kughushi zaidi ya 500, kikiwemo cha Google. Uchunguzi ulikuja kuonyesha kwamba anwani za mtandao zipatazo 300,000, karibu zote za Iran, zilikuwa zimekutana na cheti hicho cha uongo. Maana yake kuna mtu alikuwa amekaa katikati ya watu na Gmail yao. Iligundulikaje? Mwishoni mwa Agosti mtumiaji mmoja wa Iran aliona onyo la cheti kwenye kivinjari chake cha Chrome. Hakubonyeza 'endelea'. Aliuliza kwenye jukwaa la msaada la Google. Ndani ya siku chache vivinjari vyote vikubwa vikaacha kuiamini DigiNotar, na Septemba hiyohiyo kampuni ikafilisika. Mtu mmoja aliyekataa kubonyeza.

Kwa hiyo kama unatumia Gmail au Yahoo na onyo likachomoza, usidhani Google wamesahau kulipia cheti. Tatizo karibu kila mara liko kwenye mashine yako au njiani, na ukishahakiki tarehe na bado linagoma, inuka kwenye kiti hicho. Ikiwa ni barua ya ofisi, mpigie simu msimamizi wa seva. Ndiyo, simu, usimtumie barua pepe kupitia njia ileile unayoitilia shaka. Mwombe akusomee alama ya kidole ya cheti, ile mistari ya herufi na tarakimu, ulinganishe na unayoiona kwenye kidirisha. Ikilingana herufi kwa herufi, hapo unaweza kukubali kwa muda, huku ukimdai cheti cha maana. Asipojua alama ya kidole ni nini, umeshajua kinachowasibu.

Nalaumu pia lugha. Onyo linaloamua usalama wa mwalimu wa Laela limeandikwa kwa Kiingereza cha wahandisi, na mtu hawezi kutii asichokielewa. Hii ni kazi ambayo sisi tunaoandika Kiswahili tungeweza kuifanya bila kusubiri mfadhili. Karatasi moja juu ya kila mashine ya steshenari: angalia mwaka, soma jina, ukiwa na shaka acha.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa zetu azilinde. Ofisi inayopokea nakala za vitambulisho vya NIDA na vyeti vya shule kwa barua pepe, huku wafanyakazi wake wakibonyeza 'ndiyo' kila asubuhi, ijiulize inazilinda vipi.

Na muda unabana. Aprili 2025 kampuni za vivinjari na mamlaka za vyeti zilipiga kura kupunguza umri wa vyeti hivi vya seva hatua kwa hatua. Kutoka siku 398 kwenda 200 mwezi Machi 2026, kisha 100 mwezi Machi 2027, na kufikia tarehe 15 Machi 2029 cheti kitaishi siku 47 tu. Seva inayohuisha cheti yenyewe haitahisi chochote. Ile inayosubiri fundi apande basi kutoka Mbeya itagoma mara saba au nane kwa mwaka. Mwenye ofisi anayesoma hapa amuulize fundi wake wiki hii: cheti chetu kinajihuisha chenyewe, au kinakusubiri wewe?