Nani Alisema Kasia Si Letu?

Mwaka jana, kwenye kikao cha vijana mjini Nyamira, tuliulizwa tungependa mchezo gani uongezwe mbali na mpira na mbio. Nikainua mkono nikasema: kupiga makasia. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mzee mmoja wa meza kuu akajifuta machozi, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, sisi ni watu wa milima. Ziwa lina wenyewe." Kisha akaita swali lingine.

Nilikaa chini kwa heshima, maana mzee ni mzee. Lakini jibu ninalo, na leo ninalitoa.

Tuanze na jiografia. Mto Gucha, ule ambao majirani zetu wa chini wanauita Kuja, unaanzia vilima vya Kiabonyoru, hapa hapa Nyamira. Unapita Kisii, unateremka Migori, unaingia Ziwa Victoria. Kwa hivyo yale maji yenye wenyewe yametoka nyuma ya jikoni kwetu. Tuna mvua hadi chai inatulipia karo. Maji tunayo, bana. Tusichokuwa nacho ni uhusiano wowote na maji isipokuwa hofu.

Na hofu yenyewe naijua. Nilipokuwa darasa la sita tulimzika mwanafunzi mwenzetu aliyebebwa na mto akitoka shule. Ule mto, wakati wa kiangazi unauvuka kwa kuruka mawe matatu. Mvua ya masika ikija, unabeba mti na mizizi yake. Siku ile watu wazima walijaa ukingoni, watu wa jembe na panga, wenye mikono kama chuma. Hakuna hata mmoja aliyejua kuogelea. Walikimbia sambamba na mto wakipiga kelele mpaka mto ukawashinda mbio. Baada ya mazishi tulipewa somo moja tu: msikaribie maji. Na kesho yake tukavuka mto uleule kwenda shule, kwa sababu njia nyingine haikuwepo.

Hiyo ndiyo sera yetu ya maji mpaka leo. Mtoto hafundishwi, anaonywa. Nyanya yangu, magokoro, alituambia mto hauna rafiki, nasi tukaridhika.

Sasa, klabu ya makasia ya jamii ni nini? Nikitaja makasia watu wanafikiria wazungu wenye kofia za majani. Kule Boston, Marekani, kuna klabu inayoitwa Community Rowing, iliyoanzishwa mwaka 1985 kando ya mto Charles. Wazo lake lilikuwa rahisi: mto ni wa umma, kwa hivyo mashua zisiwe za vyuo vya matajiri pekee. Leo inafundisha watu wazima ambao hawajawahi kushika kasia, wanafunzi wa shule za umma, watu wenye ulemavu, hata wanajeshi wastaafu. Mchezo ni mlango tu. Ndani ya mlango kuna kuogelea, nidhamu, na kumjua mtu wa mtaa mwingine kwa sababu mnavuta pamoja.

Utaniambia huo ni mchezo wa wenye pesa. Kweli kabisa, na haikuwa bahati mbaya. Mashindano ya Henley kule Uingereza yaliwahi kuwa na kanuni iliyowafungia nje mafundi na vibarua. Mtu aliyekula kwa jasho la mikono yake hakuhesabiwa kuwa mwanamichezo, eti misuli ya kazi ni hila. Mwaka 1920 Mmarekani John B. Kelly, aliyewahi kuwa fundi wa kujenga kwa matofali, alikataliwa Henley. Mwaka huohuo akaenda Antwerp akachukua dhahabu ya Olimpiki.

Unacheka? Basi nenda Dunga, Kisumu, alfajiri. Utamkuta mvuvi amepiga kafi usiku kucha, mgongo umejaa misuli ambayo hakuna jimu inaweza kukuuzia. Nani amewahi kumwita mwanamichezo? Sisi pia tuna kanuni yetu ya Henley, ila hatujaiandika. Anayefanya kazi majini ni maskini. Anayecheza majini ni tajiri. Na mtoto wa Nyamira hayumo popote.

Wala usiniambie si utamaduni wa Mwafrika. Mwaka 1875 Stanley alipofika Buganda alikuta kundi kubwa la mitumbwi ya vita ya Kabaka Mutesa. Mpaka leo koo za Waganda hushindana kwa mitumbwi mbele ya Kabaka wao. Tatizo si utamaduni. Ni kwamba hatujaujengea ngazi. Kathleen Noble, mpiga makasia wa kwanza wa Uganda kwenye Olimpiki, pale Tokyo, alijifunza mchezo huo akiwa mwanafunzi Princeton, Marekani. Fikiria: nchi yenye ziwa lote lile, na mtu anavuka bahari kwenda kufundishwa kasia! Kenya tulimpeleka Matthew Lidaywa London mwaka 2012. Waulize wasee kumi barabarani kama wanamjua.

Na hapa ndipo Nyamira inaingia, tena kwa mlango wa mbele. Watu wanadhani makasia ni mikono. La. Kiti cha mashua ya mashindano kinateleza, na nguvu kubwa inatoka miguuni. Mbio za Olimpiki ni mita 2,000, kwa mpiga makasia mmoja takriban dakika saba za mapafu kuwaka moto. Miguu na mapafu! Nyandika Maiyoro alitoka huku akaenda Melbourne mwaka 1956, akamaliza wa saba katika mita 5,000, Olimpiki ya kwanza kabisa ya Kenya. Naftali Temu, mtoto wa Gusii, ndiye aliyeipa Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, mita 10,000, Mexico, mwaka 1968. Kama kuna watu hawafai kuambiwa mchezo fulani si wao, ni sisi.

Nakubali, Gucha kwetu haifai mashua. Ina mawe, ina miteremko. Lakini sijaomba muujiza. Naomba bwawa moja la kuogelea la umma, si la hoteli, pamoja na mwalimu wa kuogelea anayelipwa mshahara. Wakati wa likizo, basi moja liwapeleke watoto Homa Bay, na jaketi la kuokolea maisha kwa kila mtoto. Mashua za kuanzia zichongwe na mafundi wa huko ziwani, na wavuvi wa huko waajiriwe kuwa makocha, walipwe kama makocha, si kupewa soda na asante. Mashua za kisasa zije baadaye. Gharama? Hebu tuhesabu fulana zenye picha za wanasiasa tunazogawiwa kila fainali ya mpira, kisha tuzungumze kuhusu gharama.

Labda hatutapata bingwa. Sawa. Siandiki haya kwa ajili ya medali. Naandika kwa sababu masika itarudi, mto utajaa, na mtoto fulani atakuwa upande wa pili na mkoba wake mgongoni. Siku hiyo nataka kuwe na mtu mmoja pale ukingoni, hata mmoja tu, anayejua la kufanya.

Kikao kingine kitaitishwa. Nitainua mkono tena. Mzee wangu, ukitaka kucheka, cheka. Lakini safari hii usiite swali lingine kabla hujanijibu.