Kura ya Kibaha na Kisarawe haina mnada

KILUVYA imegawanyika. Sehemu yake moja iko wilayani Kisarawe, nyingine iko jimbo la Kibamba, Dar es Salaam, na mtu anaweza kuvuka mpaka huo akiwa na jembe begani. Mwaka 2015 mpaka huo ulionekana waziwazi katika matokeo ya uchaguzi. Kibamba ilimchagua John Mnyika wa CHADEMA. Ukonga, inayopakana na Kisarawe upande wa Pugu na Chanika, ilimchagua Mwita Waitara wa chama hicho hicho. Upande wa pili, Kisarawe ilimrudisha bungeni Selemani Jafo na Kibaha Mjini ikamrudisha Silvestry Koka, wote wa CCM.

Si jambo geni. Tangu uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi mwaka 1995, majimbo haya yamekuwa ngome ya CCM. Wapo wanaosema kwa mkato kwamba watu wa Pwani hawajaamka. Hayo ni maelezo ya kivivu. Mkulima wa mihogo au korosho ana mahesabu yake: muhtasari wa kijiji unaothibitisha kuwa shamba ni lake, pamoja na kuandikishwa kupata mbolea ya ruzuku, ni mambo yanayopita mikononi mwa uongozi wa kijiji, na uongozi huo karibu kila mahali ni wa CCM. Mpangaji wa Kibamba anayeishi kwa mshahara hana haja ya kubisha hodi huko. Akiikasirikia serikali, kura yake ya hasira haimgharimu kitu.

Lipo pia suala la maji. Mitambo ya Ruvu Juu iko Mlandizi, Kibaha, na kwa miaka mingi maji yake yalikwenda Dar es Salaam huku mji wa Kisarawe ukihangaika na madumu. Bomba kutoka Kibamba hadi Kisarawe lilizinduliwa na Rais John Magufuli Juni 2020, miezi minne kabla ya uchaguzi mkuu, wakati Jafo akiwa Waziri wa TAMISEMI. Mpiga kura aliyeunganisha mambo hayo mawili hakuwa mjinga. Lakini alisubiri muda mrefu mno. Wenye maduka wanaijua sababu: mteja asiyehama duka hapunguziwi bei.

Ushindani wa kweli katika majimbo haya uko kwenye kura za maoni za CCM. Mwaka 2010 chama hicho kiliruhusu wanachama wote kupiga kura hizo matawini. Mwaka 2020 kazi ilibaki kwa wajumbe wa mikutano ya majimbo, na ndipo nchi nzima ikajifunza kusema kwamba wajumbe si watu wazuri. Utani huo ulificha jambo zito. Mwenye genge Maili Moja au mkulima asiye mjumbe alikuta mbunge wake amekwisha kuamuliwa na watu wachache, naye akabaki kuidhinisha tu.

Inawezekana mambo yakabadilika. Kibaha Mjini ilikuwa na watu takriban 128,000 katika sensa ya 2012, na katika sensa ya 2022 ilivuka 260,000. Wengi ni wahamiaji waliofuata viwanja vya bei nafuu, viwanda, na barabara ya Morogoro. Ila mwelekeo wao haujapimika. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa. Katika uchaguzi mkuu wa Oktoba 29, 2025 CHADEMA haikuwamo, na siku hiyo iligubikwa na maandamano na vifo. Anayesoma matokeo ya namna hiyo na kudai ameuona moyo wa mpiga kura anajidanganya.

Kwa mkulima na mchuuzi, kiti kilicho karibu na mfuko wake ni cha diwani. Mwaka 2017 Serikali ilipunguza ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, ikafuta ushuru kwa mzigo usiozidi tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine. Mwenye magunia manne ya mihogo hapaswi kusimamishwa getini. Wa kumbana mkurugenzi iwapo atasimamishwa ni diwani, na ushuru wa meza sokoni au mahali pa stendi nako huamuliwa kwa sheria ndogo zinazopitishwa na madiwani. Hata hivyo, kwenye kampeni udiwani huombewa kura mwishoni, baada ya rais na mbunge, watu wakiwa wameanza kutawanyika. Vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi, na bajeti ya halmashauri hupitia hapo kila mwaka kabla ya Julai.