Mtihani ni Mizani, si Chekeche

Kila mwaka yanapotangazwa matokeo ya mitihani, nyumba za Unguja na Pemba hugawika mafungu mawili: zinazosomewa dua ya shukrani, na zinazokaa kimya kama zilizofiwa. Watu huuliza skuli gani imeongoza na mtoto wa nani ameanguka. Swali moja hubaki bila ya mwenye kuliuliza: je, ni nani mwengine aliyepimwa pamoja na mtoto huyo?

Hatusemi kuwa mitihani ifutwe. Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, elimu ilitangazwa kuwa bila malipo Septemba 23 ya mwaka huo huo, ili mlango wa skuli usifunguliwe kwa mali wala kwa nasaba. Karatasi moja kwa watoto wote ni sehemu ya haki hiyo. Mtoto wa mvuvi wa Kojani na mtoto wa ofisa wa Mjini hujibu maswali yale yale, na anayesahihisha hamjui huyu wala yule. Anayetaka mtihani uondoke hana budi atwambie kwanza upendeleo atauzuia kwa njia gani.

Lakini karatasi kuwa moja si dalili kwamba safari ilikuwa moja. Yuko aliyekuwa na mwalimu wa hesabu mwaka mzima, maabara yenye vifaa na masomo ya ziada kila jioni. Yuko aliyesoma sayansi ubaoni tu, na kitabu kimoja akakigombania na wenzake. Tena masomo mengi ya sekondari hutahiniwa kwa Kiingereza. Mtoto aliyeshindwa kulifahamu swali hakupimwa Bayolojia. Amepimwa lugha, kisha akaandikiwa kuwa hajui Bayolojia.

Fikra hizi si ngeni. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alikwishalalamika kuwa mitihani hupima uwezo wa kukariri kuliko uwezo wa kufikiri. Mwaka 1973 nchi yetu ikaunda Baraza lake la Mitihani, baada ya miaka mingi ya kutegemea karatasi za Cambridge na kisha za Baraza la Afrika Mashariki. Mwaka 1974 Azimio la Musoma likaagiza kuwa mwanafunzi asihukumiwe kwa mtihani wa mwisho peke yake, bali kazi yake na maendeleo yake ya kila siku yahesabiwe pia. Azimio lile lilipitishwa ili litekelezwe. Halikupitishwa ili lisomwe siku za sherehe tu.

Wanaodhani kuwa alama za mtihani hazina kosa nawakumbuke matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2012. Yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa wa Tanzania walipata daraja sifuri. Serikali iliunda Tume, matokeo yakafutwa, na Mei 2013 yakatolewa mengine. Watoto walikuwa wale wale, na majibu yao yalikuwa yale yale. Kilichobadilika ni utaratibu wa kupanga madaraja. Basi alama ni kazi ya binadamu, na kazi ya binadamu hukaguliwa.

Wengi wetu tulianza elimu chuoni, juu ya mkeka. Maalim alimsikiliza kila mtoto peke yake, na hapana aliyefungua ukurasa wa pili kabla ya kuusoma sawasawa ule wa kwanza. Ule nao ulikuwa mtihani, tena wa kila siku. Kosa la mwanafunzi lilimwonesha maalim pa kurudi kufundisha. Aliyekuwa mzito alichelewa kukhitimu, lakini hakufukuzwa kwa uzito wake.

Hiyo ndiyo kazi tunayoitaka mitihani ya taifa na ya Zanzibar ifanye. Matokeo yarudi skulini yakieleza ni mada gani na maswali gani yaliyowashinda wanafunzi, ili mwalimu ajue pa kuanzia. Panapoanguka darasa zima, ofisi iulizwe kabla ya mtoto: walimu walikuwa wangapi, vitabu vilifika lini, mkaguzi alikwenda mara ngapi? Alama za darasani zipewe uzito wa kweli, na mwalimu anayezipika achukuliwe hatua sawa na anayevujisha karatasi. Na anayeshindwa kuendelea aoneshwe njia ya mafunzo ya amali yenye vifaa na walimu, asiachwe akizurura pwani na barazani.

Mwaka 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza skuli kumi bora. Tunalipongeza, kwani mashindano yale yaliwapa sifa waliokwishakuwa nazo. Hata hivyo, kuacha kuwasifu walioongoza hakutoshi ikiwa walio nyuma hawafuatwi walipo.

Wazazi nao wasisubiri siku ya matokeo ndipo waijue njia ya skuli. Na kwenu viongozi wa elimu tunasema: matokeo yajayo yakifika mezani, msiyasome kama orodha ya watoto walioshindwa. Yasomeni kama ripoti ya kazi yenu, kisha nendeni katika skuli zilizo chini ya orodha kabla ya kwenda kupiga picha na zilizo juu.