Joto Linalopotea Njiani

Aliyepata kusimama kando ya barabara ya Tukuyu asubuhi yenye ukungu, akatazama lori la mzigo likipanda kutoka Kasumulu, ameona jinsi dizeli inavyotumika. Gari hilo limepanda zaidi ya mita 1,000 tangu bonde la Kyela. Injini inanguruma, na bomba la moshi limepata moto wa kumuunguza yeyote atakayeligusa. Theluthi moja hivi ya nguvu iliyomo katika mafuta, au zaidi kidogo, ndiyo inayosukuma gari. Theluthi nyingine hutoka na moshi, na iliyobaki humezwa na rejeta na misuguano. Na mafuta hayo tumeyanunua ng'ambo kwa fedha za kigeni.

Wapo wanaosema joto hilo likamatwe na kugeuzwa umeme. Hoja hiyo si ndoto. Mwaka 1821 mwanasayansi Thomas Seebeck alizifunga pamoja metali mbili tofauti, akapasha moto upande mmoja, akaona sindano ya dira ikigeuka. Baadaye ikafahamika kwamba kilichoigeuza ni mkondo wa umeme. Vyombo viwili vya Voyager, vilivyorushwa na Wamarekani angani mwaka 1977, vimepata umeme wake kwa njia hiyo hiyo kwa zaidi ya miaka 40, ingawa joto lao halitoki kwenye moshi.

Hata hivyo, sisi hatuwashauri wenye mabasi na malori wa Rungwe kukimbilia vifaa hivyo. Makampuni makubwa kama BMW na Ford yamevifanyia majaribio, wala havijaenea barabarani. Hunasa sehemu ndogo tu ya joto, yapata asilimia 5, madini yake, hasa teluri, ni adimu na ghali, huongeza uzito, na kifaa kikiziba njia ya moshi, injini hulemewa na kula mafuta zaidi. Mwenye lori kuukuu atapata faida kubwa zaidi kwa kusafisha nozeli na kujaza upepo matairi.

Joto la kukamatwa kwanza ni lile lisilotembea. Ushahidi upo hapa hapa nchini. Katika kituo cha Kinyerezi II, Dar es Salaam, kilichozinduliwa mwaka 2018 kikiwa na uwezo wa megawati 240, moshi wa mitambo ya gesi hauachwi kwenda zake. Hupitishwa penye mabomba ya maji, maji yakawa mvuke, na mvuke ukazungusha mitambo mingine pasipo kuchoma gesi ya ziada.

Rungwe hatuna gesi, lakini tuna chai, na chai hainyaushwi wala kukaushwa bila moto. Boila zinazokula kuni zina bomba la moshi linalotoa joto mchana na usiku wakati wa msimu. Wilaya yetu hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka sehemu nyingi, na kuni za mkaratusi hufika zimelowa. Kuni mbichi hutumia sehemu ya moto wake kuchemsha maji yaliyomo ndani yake yenyewe, kabla ya kuchemsha ya boila. Je, ni busara kurusha joto juu ya paa huku kuni zikinyeshewa uani?

Tunawaomba wenye viwanda wajenge mabanda ya kuni, na joto la moshi lielekezwe humo, au lipashe maji yanayoingia katika boila. Kazi hiyo haihitaji teluri wala mtaalamu wa kigeni. Ni mabati, mabomba na mafundi wa kuchomelea, nao tunao. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kiko karibu, na wanafunzi wake wanaweza kuja kupima moshi huo, watuambie kwa hesabu ni mizigo mingapi ya kuni itakayookolewa katika msimu mmoja. Wakipenda, wakifunge pia kile kifaa cha Seebeck kwenye jenereta moja ya dizeli, ambayo haipandi mlima, wakione kinatoa nini. Mkulima mdogo anayepeleka majani yake kiwandani anayo haki ya kujua hesabu hiyo, maana gharama ya kuni hukatwa katika bei anayolipwa kwa kilo. Na ni vema mabanda hayo yawe yamesimama kabla ya masika.