UKIONA VYAELEA, VIMEUNDWA

Siku hizi kila mwenye simu huletewa habari za watu wanaodai kuwa na uwezo wa ajabu. Huyu asoma mawazo ya mtu aliye mbali. Yule aahidi kumpa mwanafunzi ushindi katika mtihani, mradi fedha zitumwe kwanza. Mimi nashikilia kwamba adaiye jambo kubwa ndiye mwenye wajibu wa kulithibitisha. Si kazi ya msikilizaji kuthibitisha kuwa ni uongo.

Alikuwako fundi mmoja wa mazingaombwe, James Randi, aliyezaliwa Kanada mwaka 1928. Kwa kuwa alizijua hila za kazi yake, mwaka 1964 aliahidi dola 1,000 kwa yeyote atakayeonyesha nguvu za ajabu katika jaribio la haki. Baadaye zawadi ilifika dola 1,000,000. Masharti yalikubaliwa na pande zote mbili kabla ya jaribio. Watu zaidi ya 1,000 walijiandikisha, lakini mpaka shindano lilipokoma mwaka 2015, hakuna hata mmoja aliyeichukua.

Mwaka 1986 Randi na wenzake walimchunguza mhubiri wa Marekani, Peter Popoff, aliyewataja wagonjwa kwa majina na maradhi yao kana kwamba amefunuliwa. Walipotega redio wakasikia sauti ya mkewe akimsomea habari hizo, naye akizipokea kwa kidude kidogo sikioni. Wagonjwa wenyewe walikuwa wamezitoa kabla ya ibada kuanza. Sisemi haya kudharau dini ya mtu. Imani ni jambo moja, na hila ni jingine.

Wengine hujitetea kwamba nguvu zao hukimbia mbele ya mwenye mashaka. Ajabu! Katika maabara yetu maji huchemka hata akiyatazama asiyeamini.

Kwa hiyo, mwenzangu, ukiahidiwa muujiza, uliza: Nani ameushuhudia asiye na faida ndani yake? Waweza kurudiwa mbele ya wachunguzi? Na fedha zaenda wapi? Nanyi wazazi, tusaidieni kuuliza. Karo iliyotafutwa kwa jembe isiishie mfukoni mwa mtu tusiyemjua hata sura. Mtihani tuukabili kwa daftari na taa ya usiku.